Kazi Yangu Inapanda Treni, Mimi Nabaki Stesheni

Mama Mshauri,

Pokea salamu kutoka huku mwisho wa reli. Nakuomba unisomee mpaka mwisho hata kama maneno yangu ni mengi, kwa sababu nimefika mahali ambapo sina wa kumwambia, na jambo lenyewe naona haya kulieleza mbele ya watu maana wengine watalicheka. Majina nimeyabadili kidogo, kwani mji wetu ni mdogo na gazeti hili likishushwa kwenye treni husomwa na kila mtu kabla ya kufungiwa karanga.

Mimi ni mwanamume wa makamo, nimefiwa na mke, watoto hatukujaliwa. Nilisoma mpaka darasa la nane, nikaajiriwa karani wa mizigo kwenye reli, na kwa kuwa hesabu hazikunisumbua wakubwa walinichagua, enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakanipeleka Nairobi kujifunza kazi ya kompyuta. Wasomaji wako wengi hawajaiona mashine hiyo. Ni makabati ya chuma yaliyojaa chumba kizima, na chumba chenyewe kina baridi kuliko Kasulu mwezi wa saba. Unaiandikia kazi kwa namba kwenye karatasi, namba zinatobolewa kwenye kadi ngumu, mashine inazimeza kadi na kufanya ulichoandika, hata kama sicho ulichokusudia.

Mama, niliipenda kazi ile kwa sababu nilikuwa karibu na mashine yenyewe. Niliiandikia kwa namba zake, bila lugha ya katikati, nikijua kila tarakimu nimeiweka sehemu gani ya tumbo lake na itaitwa lini, na mafundi wakifungua milango yake nilisimama nyuma yao nikitazama nyaya mpaka nikajua upi unakwenda wapi, na ikianza kazi nilitambua kwa mlio kama inajumlisha au imekwama, kama vile mtu anavyojua mwenzake amekasirika kwa jinsi anavyotua sufuria. Wenzangu walitaka vyeo ili watoke kwenye baridi ile. Mimi nilivaa sweta.

Marehemu mke wangu Honorata ndiye aliyenielewa. Alikuwa akiiita mashine ile mke mwenzake. Nikirudi zamu, kabla sijakaa, ataniuliza, "Mke mwenzangu hajambo?" Nami nitamwambia hajambo ila leo amegoma mchana kutwa. "Mpe pole," atasema, "na umwambie mimi nyumbani nina mdomo, anirudishie mume mapema." Kisha ananisikiliza nikimweleza kilichogoma na nilivyokipata, huku anachambua mchele, na ananiuliza swali katikati, tena swali lenyewe ni la maana. Kadi zilizoharibika nilimletea nyumbani. Alizifunikia vikombe, na moja aliishika kwenye dirisha lenye jua, vitundu vyake vikaangaza ukutani, akaniambia nimsomee vinasema nini. Nikamsomea. Siku iliyofuata nikamtobolea kadi yenye jina lake. Aliiweka kwenye kitabu chake cha sala na ipo mpaka leo, kona moja imeliwa na mende.

Jumuiya ilipovunjika tulirudi nyumbani na masanduku yetu, mashine ikabaki kule. Nikapangiwa Dar es Salaam ambako shirika letu lilikuwa linapokea mashine nyingine, lakini Honorata alikuwa ameshaanza kuumwa na alitaka kuwa karibu na mama yake, kwao Ujiji, basi nikaomba uhamisho wa Kigoma kabla hata sijaitia machoni mashine hiyo ya Dar. Kwa kuwa waliojua kazi ile walikuwa wachache, wakubwa walikubali niandikie huku huku, karatasi zangu ziende kwa treni, zikatobolewe kule na watu nisiowajua, mashine isiyonijua ifanye kazi, na majibu yarudi kwa treni. Honorata tulimzika Ujiji wakati wa mvua. Nami nikaendelea kuandika.

Sasa nikueleze kazi yenyewe ilivyo, Mama. Naandika kwenye meza ya ofisi ya mizigo, kelele za makuli dirishani, nafunga bahasha, namkabidhi mlinzi wa treni, natazama treni inaondoka. Halafu nasubiri. Majibu yakija ni karatasi ndefu iliyoandikwa kwamba kuna kosa mstari fulani, na mara nyingi kosa ni la mtoboaji aliyesoma moja yangu akadhani ni saba, basi narekebisha, nafunga tena, namkabidhi mlinzi tena. Zamani kosa nililipata nikiwa nimesimama pale pale, na chai yangu haijapoa. Sasa ni kama kuzungumza na mtu aliye ng'ambo ya ziwa.

Juu ya hayo mwaka huu tumeletewa mkuu mpya, Bwana Feliksi, kijana wa chuo, mstaarabu, hupita akaniamkia shikamoo kila asubuhi. Yeye anataka wote tuandike kwa lugha mpya inayofanana na Kiingereza, ambayo mashine inajitafsiria yenyewe. Nilimwambia sipendi kuzungumza kupitia mkalimani na mtu ambaye lugha yake naijua. Akacheka kwa upole. "Mzee, mashine za siku hizi hazihitaji kujuliwa," akasema. "Zinahitaji kuamriwa." Nikaendelea kuandika kwa namba.

Halafu likatokea la mabehewa. Kazi mpya niliyoandika mwaka huu huiambia mashine kila stesheni ipelekewe mabehewa ya aina gani. Ile ya Nairobi ilikuwa na tabia moja: ukiiachia nafasi tupu huisoma kuwa sifuri, na kwangu sifuri ilikuwa behewa la kawaida lenye paa. Basi kwa stesheni zinazotaka mabehewa ya kawaida nilizoea kuacha patupu. Mashine ya Dar, ambayo sikuwahi kuiona, ikikuta patupu inashikilia kilichokuwepo kabla. Kwenye orodha yangu stesheni iliyotangulia Kigoma ilikuwa ya huko Unyamwezi, na iliomba mabehewa ya ng'ombe. Basi asubuhi moja treni ikaingia Kigoma na msururu wa mabehewa ya ng'ombe, ubavuni wazi, samadi bado mbichi, na jukwaani wafanyabiashara wa Kibirizi, ufukweni wanakoshushia samaki, wamepanga magunia ya dagaa.

Makuli huniita Bwana Matundu kwa ajili ya zile kadi. Siku hiyo walinifanyia sherehe. "Bwana Matundu, hawa dagaa tuwafunge kamba shingoni au watapanda wenyewe?" Mwingine akasema, "Mwacheni mzee, amesikia dagaa wa safari hii wana pembe." Nilicheka nao, maana ilichekesha. Lakini yale mabehewa hayakufaa, magunia yakabaki jukwaani kungoja mengine, turubai hazikutosha, mvua ikanyesha, dagaa wakaoza. Mama mmoja, Agnesi, ambaye mzigo wake wote ulikuwa pale, alikuja mpaka mezani kwangu. Nikaanza kumweleza habari za nafasi tupu. Akanisikiliza, kisha akasema, "Baba, mimi huyo kompyuta simjui. Nakujua wewe." Akaondoka.

Bwana Feliksi hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alifunga mlango akaniambia mambo mawili, nichague kabla ya mwezi kwisha. La kwanza, nipandishwe cheo niwe msimamizi wa ofisi ya takwimu hapa Kigoma, na kiti cha kuzunguka, nikague karatasi za vijana wanaoandika kwa lugha mpya, mimi mwenyewe nisiandike tena. La pili, kama nang'ang'ania mashine, niende Dar nikawe mwendeshaji wa zamu, kazi ya kupakia kadi na kubonyeza vitufe, cheo cha chini kuliko changu cha sasa. "Ndugu zako watafurahi ukichukua cha kwanza," akasema. Ni kweli. Kaka yangu wa Kidahwe ameshasikia, sijui kwa nani, na amenitumia salamu ya pongezi na jogoo.

Nikichukua kiti, mashine nimeiaga. Nikienda Dar, namwacha mama mkwe wangu Mama Veneranda peke yake, na Honorata ndiye aliyekuwa mtoto wake aliyebaki. Mimi naishi kwake Ujiji, chumba cha uani, nilihamia wakati wa kuuguza na baada ya msiba sikuondoka, watu wamesema wamechoka. Kwa desturi tuliyolelewa nayo mkwe na mama mkwe hawali pamoja wala hawakai wakatazamana. Honorata alipokuwepo ndiye aliyepitisha maneno, ingawa wote watatu tulikuwa tunasikiana vizuri tu. "Mama anasema kuni zimekwisha." "Mwambie Mama kesho." "Amesema kesho." Siku hizi hakuna wa kupitisha. Mama ananiwekea chakula mlangoni kwangu, muhogo na samaki mgebuka wa mawese, anarudi jikoni, na kila siku ya treni anauliza kutoka huko huko, amenipa kisogo, "Baba, yule mtu wako wa Dar amekujibu?" Nasema, "Bado, Mama." Anasema, "Haya." Basi, hayo ndiyo mazungumzo ya nyumba yetu.

Mama Mshauri, hakuna mtu mji huu anayeniuliza habari za kazi yangu. Ofisini wananiona mkaidi, jukwaani ni kichekesho, kanisani ni mgane anayepaswa kuoa. Likizo sichukui tangu msiba, maana likizo nitakaa wapi nikimtazama nani. Nikipita Gungu jioni nasikia mashine ya kusaga na husimama kuisikiliza mpaka inazimwa, na mwenye mashine ameanza kunishuku. Najua wako wenye shida za kweli, wanaopanga foleni ya sabuni na wenye vijana ambao hawakurudi kutoka vitani. Yangu ni shida ya mtu anayepewa cheo. Lakini nisaidie: nichukue kiti, au niende nikabonyeze vitufe? Natakiwa kujibu mwezi huu.

Ni mimi,
Bwana Matundu, Kigoma

*

Ndugu yangu Bwana Matundu,

Nimekusoma mpaka mwisho, na mara ya pili nikamsomea mwenzangu wa meza ya pili kipande cha dagaa wenye pembe. Utatusamehe. Pole sana kwa Honorata. Mwanamke anayeuliza kwanza hali ya mke mwenza wa chuma, kisha hali yako, hapatikani kila mahali, na nyumba aliyoiacha haiwezi kuwa na sauti ile ile. Sikuambii usihuzunike. Wala hiyo kadi usiitoe kwenye kitabu cha sala, ila mende watafutie dawa.

Sasa nivumilie, maana nitakusema.

Kwanza unajionea haya bure. Mtu aliyezoea jembe akipewa kalamu anaruhusiwa kulikumbuka jembe, na wewe unaruhusiwa kuikumbuka mashine. Anayekuambia cheo ni dawa ya kila kitu hajawahi kukikalia kiti asichokipenda. Hapo niko upande wako.

Lakini umeandika kwa miaka kwa mtu ambaye hujawahi kumwona. Mashine ya Dar hujawahi kusimama mbele yake, hujui mlio wake, hujui akikuta patupu anafanya nini, na bado ulimwandikia kana kwamba ni yule wa Nairobi. Unajisifu kwamba wewe ni mtu wa kuijua mashine. Basi hii huijui, na dagaa wa Mama Agnesi ndio walioozea hapo. Bwana Feliksi amekosea kusema mashine hazihitaji kujuliwa, mabehewa ya ng'ombe yamemjibu. Ila wewe unayesema zinahitaji, mbona hukwenda?

Usiniambie ilikuwa lazima ukae Kigoma. Kuuguza ilikuwa lazima. Kuzika ilikuwa lazima. Baada ya hapo umeniandikia mwenyewe kwamba likizo huchukui kwa kuwa hujui utakaa wapi umtazame nani. Wewe ni mtu wa reli, pasi yako ya safari iko kwenye droo, na kila treni ikiondoka unasimama jukwaani unaipungia kazi yako mkono.

Pili, habari ya mkalimani. Unasema hupendi kuzungumza na unayemjua kupitia mtu wa katikati. Soma tena barua yako. Katika nyumba ile ya Ujiji mtu wa katikati alikuwa Honorata, na alipokuwepo kila mtu alifikiwa. Mkalimani hakukutenga na mama mkwe wako. Kukosekana kwake ndiko kunakowatenga. Kwa hiyo jifunze hiyo lugha mpya ya kijana. Sisemi uache namba zako. Nasema anayejua zote mbili ndiye atakayeitwa mashine ikigoma, na kuitwa huko ndiko unakokutaka.

Tatu, na hapa nimekukasirikia kweli. Umeandika kwamba hakuna mtu mji mzima anayekuuliza habari za kazi yako. Mistari michache juu yake umeandika kwamba kila siku ya treni mama mzima, aliyefiwa na mtoto wake wa mwisho, anaacha chungu chake na kukuuliza kama yule mtu wako wa Dar amejibu. Huyo si mtu? Amekaa na Honorata miezi ya ugonjwa wakisimuliana, ameujua utani wa mke mwenza, na sasa anauliza lile swali kwa namna yake, kwa kisogo, kwa sababu desturi haimruhusu kwa uso. Na wewe unamjibu neno moja. Naye anasema haya, anarudi kwenye moshi. Unadhani ni wewe peke yako uliye mpweke katika uwanja huo?

Heshima ya mkwe ni jambo jema na sitakuambia uivunje. Kaa mlangoni kwako, yeye akae jikoni, mpeane visogo mpendavyo. Lakini mweleze. Mwambie habari za nafasi tupu na mabehewa ya ng'ombe. Atacheka, nakuhakikishia, na huenda akauliza swali katikati. Honorata kuuliza kule hakujifunzia kwangu, alijifunzia kwa mama yake.

Haya, unataka jibu. Kiti usikisaini, na kazi ya vitufe usiikubali, bado. Kesho asubuhi nenda kwa Bwana Feliksi, mwambie unaomba likizo yako na kwamba utakwenda Dar na bahasha yako mkononi. Mwombe akuandikie barua ya kukuruhusu kuingia chumba cha mashine na kukaa humo mpaka uijue tabia yake. Mwambie pia kwamba ukirudi utawafundisha vijana lugha ya namba, na wao wakufundishe yao. Mkuu aliyefunga mlango kwanza ili asikuaibishe si mtu mbaya, atakusikiliza. Akikubali, dai tangu sasa kwamba kila kazi kubwa ikienda, unakwenda nayo, na kati ya safari na safari unaandikia Kigoma. Cheo kibaki kilivyo.

Akikataa kabisa, nenda Dar ukabonyeze vitufe. Heri uwe mdogo karibu na unachokipenda. Ila kabla ya kujibu hivyo, muulize Mama Veneranda anataka nini. Umeamua peke yako kwamba hawezi kuachwa na hawezi kuondoka Ujiji. Yeye hujamuuliza. Huenda anataka kukaa na kaburi, huenda anataka kuiona bahari. Muulize mwenyewe, kwa mdomo wako.

Kabla hujapanda treni, shuka Kibirizi ukamtafute Mama Agnesi. Usimweleze kompyuta, amekwisha kukuambia anayemjua. Mwambie pole, lilikuwa kosa lako, na unakwenda kulirekebisha kwa macho yako. Huyo jogoo wa kaka yako wa Kidahwe mpelekee. Jogoo harudishi gunia, lakini Mama Agnesi atajua ulikuja.

Na huyo mwenye mashine ya kusaga wa Gungu mwambie unaisikiliza, asikuite mwizi. Pengine atakufungulia uone mkanda unavyozunguka.

Chukua sweta. Kule ndani kutakuwa na baridi kama kwa yule wa Nairobi. Simama mbele ya mashine hiyo kama mgeni, uisikilize kwanza, uiachie nafasi tupu moja makusudi uone inafanya nini. Halafu urudi nyumbani. Treni ikifika Kigoma utakwenda Ujiji, utakaa kizingitini, chakula kitaletwa, na kutoka jikoni utaulizwa kama yule mtu wako wa Dar amejibu. Mwambie, "Amejibu, Mama." Kisha muhogo upoe, na umwambie lote.

Mama Mshauri